Kuhama Sio Kususa

Sisi tunaoandika haya ni madereva bodaboda saba wa usharika mmoja hapa Tukuyu. Mchungaji alipoomba kila kikundi kilete ushuhuda kwa ajili ya kitabu hiki, kwaya walikuwa na la kuandika, na akina mama walikuwa nalo. Sisi tulikaa kimya wiki mbili. Tulikuwa na ushuhuda mmoja tu, na huo ulitushtaki wenyewe. Mwishowe tukakubaliana uandikwe hivyo hivyo. Mmoja ameshika kalamu, sita wanasahihisha.

Wa nane wetu hayumo katika kuandika kwa sababu habari hii ni yake. Tumemsomea yote. Amesema tuandike, ila jina lake tuliache. Basi tutamwita kama tunavyomwita kila siku: Ba'mkubwa.

Ba'mkubwa ndiye aliyeanzisha kijiwe chetu. Kabla ya bodaboda kuwa kazi ya watu, yeye alikuwa akimwendesha mwinjilisti kwa pikipiki ya kanisa, kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, katika njia za migomba ambazo mvua ikinyesha hugeuka sabuni. Wenyeji wa Rungwe mnajua mvua yetu haina likizo. Alipoanza kubeba abiria, alitukuta vijana tusio na kazi kando ya barabara iendayo Kyela, akatufundisha mmoja mmoja. Alitufundisha kushuka mteremko kwa gia na si kwa breki tupu. Alitufundisha kumuuliza mama mjamzito kwanza kama anaumwa ndipo umuulize anakwenda wapi. Daftari la kuweka na kukopa lilikuwa lake, na zamu ya abiria aliipanga yeye: aliyefika wa kwanza alfajiri, ndiye wa kwanza kubeba.

Kwenye boksi la vifaa la pikipiki yake kulikuwa na karatasi ya kunata yenye namba 46. Ni namba ya Valentino Rossi, Mwitaliano wa mashindano ya pikipiki. Ba'mkubwa alimfuatilia tangu mwaka 2004, na sababu yake ilikuwa moja. Mwaka ule Rossi, akiwa bingwa wa dunia na timu ya Honda, aliiacha Honda akaenda Yamaha, timu ambayo wakati huo ilikuwa ikishindwa. Watu walimcheka. Mbio zake za kwanza na Yamaha zilifanyika huku huku Afrika, Welkom, Afrika Kusini, mwezi wa nne. Akashinda. Baada ya mstari wa mwisho aliegesha pikipiki kando ya njia, akaketi chini peke yake. Ba'mkubwa alikuwa akitusimulia habari ile kama mzee wa kanisa anavyosimulia Daudi na Goliathi.

Ilipofika mwaka 2021, Ba'mkubwa alikuwa na miaka 56. Alikuwa bado mzima, ila mwendo wake ulikuwa umepungua. Kwenye ukungu alikwenda taratibu. Mvua ikizidi, alisimama chini ya paa la duka na kumwambia abiria wangoje. Abiria wengine walimpenda kwa hilo. Wengine walianza kumruka kwenye zamu: wanafika, wanamwona ndiye wa kwanza, wanasema wanamtaka kijana. Kwa sheria yetu abiria hachagui, lakini nani atamkatalia mwenye fedha mkononi? Kila mara hilo lilipotokea, Ba'mkubwa alisogeza pikipiki yake pembeni bila neno, na sisi tulitazama barabara.

Mwezi wa pili mwaka ule tulipata kazi ya kupeleka mizigo kwa wafanyabiashara wa mjini, na wao walitaka haraka. Jumamosi moja jioni tulikutana bila Ba'mkubwa. Tuseme wazi: tulichagua saa ambayo tulijua yuko shambani kwake. Tukapiga kura na kumweka mwenyekiti mpya, kijana wa miaka 23. Hakuna aliyepinga. Ndio, wote saba tunaoandika haya tulikuwepo, na wote tuliinua mikono.

Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, tulimwambia. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu: nani atapokea daftari? Akampa yule kijana, akamwonyesha nani anadaiwa nini na nani amefiwa asidaiwe kwanza. Kisha akawasha pikipiki akaenda kazini.

Wiki mbili baadaye hakuja. Tukasikia amehamia kijiwe kidogo kwenye njia ya kwenda Masoko. Kijiwe chenyewe kilikuwa na vijana watatu, mti mmoja na benchi la ubao. Tena alikuwa amejiandikisha wa mwisho kwenye zamu, nyuma ya watoto ambao angeweza kuwazaa.

Hapo ndipo dhambi yetu ya pili ilipoanza, na tunaiona kubwa kuliko ya kwanza. Watu walituuliza, "Mmemfanya nini mzee?" Tukajibu, "Amesusa." Tulilisema sokoni, tukalisema stendi, tukalisema hata nje ya kanisa baada ya ibada. Amenyang'anywa uenyekiti, basi amesusa. Neno lile lilitusaidia sana. Mtu akisusa, kosa ni lake. Hakuna anayeuliza tena wewe ulifanya nini.

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka ule ule, Rossi wa Ba'mkubwa naye alikuwa amehamishwa. Alikuwa na miaka 42. Alikuwa ameshinda ubingwa wa dunia mara tisa, lakini ushindi wake wa mwisho wa mbio ulikuwa wa mwaka 2017, kule Assen, Uholanzi. Yamaha wakaona ni wakati wa kumweka kijana kwenye timu yao ya kiwanda. Kijana huyo ni Fabio Quartararo, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1999, mwaka ambao Rossi alikuwa akitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 250. Ndipo wakabadilishana viti. Quartararo alitoka timu ndogo ya Petronas, yenye makao yake Malaysia, akaingia timu kubwa. Rossi alitoka timu kubwa, akakaa kwenye kiti alichokiacha kijana.

Sisi wa kijiweni tulilicheka jambo hilo. Tulisema mzee wa watu hajui kustaafu. Matokeo yalitupa haki ya kucheka: Quartararo akawa bingwa wa dunia mwaka ule ule, na Rossi akamaliza msimu nafasi ya 18. Mbio zake nzuri kuliko zote mwaka ule zilikuwa Austria, mwezi wa nane, alipopata nafasi ya nane. Siku kumi kabla yake alikuwa ameshatangaza kwamba mwisho wa mwaka anastaafu.

Lakini kabla ya mwezi wa nane, sisi wenyewe tulipigwa.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa ukungu na baridi. Mwenyekiti wetu kijana alikuwa akimpeleka mama mmoja hospitali ya wilaya, Makandana, kumwona mgonjwa wake. Alikuwa na haraka kwa sababu mzigo mwingine ulimngoja. Kwenye kona alishika breki ya mbele, tairi likateleza, wakaanguka. Kijana alichubuka tu. Mama alivunjika mfupa wa bega. Tulipaswa kumtibu, na tulipofungua daftari tukakuta fedha ni kidogo. Tangu Ba'mkubwa aondoke tulikuwa tukikopa bila kurejesha, na kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Jioni ile alikuja kijana mmoja wa kile kijiwe cha njia ya Masoko. Alileta bahasha yenye shilingi 40,000. Akasema, "Tumechanga. Ba'mkubwa amesema mama atibiwe kwanza, maneno baadaye." Walikuwa wanne tu. Sisi tulikuwa kumi na tatu, na hadi saa ile tulikuwa tumechanga shilingi 52,000.

Tulizipokea. Hakuna aliyekwenda kushukuru. Mtu akikutendea mema baada ya wewe kumsema vibaya, miguu huwa mizito kwenda kwake. Jumapili tulimwona kanisani, tukampungia mkono kwa mbali kama watu wenye haraka.

Katika ibada ya vijana wiki zile, mwinjilisti alikuwa akifundisha kitabu cha Matendo ya Mitume, na somo likaangukia kwa Barnaba. Tulikuwa tumelisikia jina lake tangu Sunday school bila kulitazama. Sauli alipookoka, wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa. Barnaba ndiye aliyemshika mkono akamwingiza. Baadaye Barnaba alisafiri hadi Tarso kumtafuta Sauli, akamleta Antiokia wafanye kazi pamoja. Mwanzoni habari husema Barnaba na Sauli. Ukiendelea kusoma, unakuta imegeuka: Paulo na Barnaba. Mwanafunzi amehamia kiti cha mbele, mwalimu amehamia cha nyuma. Maandiko hayasemi kwamba Barnaba alilalamika.

Kisha wawili hao wakagombana juu ya kijana Yohana Marko, aliyewahi kuwaacha njiani. Paulo hakutaka kwenda naye tena. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro, na kuanzia hapo kitabu cha Matendo hakimtaji tena Barnaba. Safari kubwa zote ni za Paulo. Ukisoma haraka utasema Barnaba alisusa. Lakini miaka mingi baadaye, Paulo akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amletee Marko, kwa sababu anamfaa katika kazi. Mwinjilisti akatuuliza, "Huyo Marko aliyefaa, nani alimtunza wakati hakuna anayemtaka?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Basi tukafika tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumapili. Rossi alikuwa anakimbia mbio zake za mwisho huko Valencia, Hispania. Kwa saa zetu zilianza saa kumi jioni. Baada ya ibada tulimngoja Ba'mkubwa mlangoni, saba kwa pamoja, ili asiwepo wa kukimbia.

"Shikamoo, Ba'mkubwa."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmejipanga kama wanaoenda mahakamani?"

Tukamwambia kuna banda la kuonyesha mpira ambalo leo litaonyesha mbio za Rossi, na kiingilio chake tumelipa. Alicheka. Akasema atakuja, ila atakuja na vijana wake watatu, na kiingilio chao nao tukilipe.

Tulikaa viti vya nyuma. Rossi alianza wa kumi, akamaliza wa kumi. Hakukuwa na muujiza. Aliyeshinda ni Francesco Bagnaia, na siku ile alikuwa amevaa helmeti yenye michoro ya zamani ya Rossi. Ba'mkubwa akatueleza kitu ambacho sisi tuliokuwa tukicheka hatukukijua. Bagnaia ni mwanafunzi wa Rossi. Tangu mwaka 2014 Rossi alikuwa na chuo chake cha kulea vijana wa Kiitaliano, huko kwao Tavullia, ambako wanafanya mazoezi naye kwenye uwanja wa udongo. Franco Morbidelli, aliyekuwa mwenzake kwenye timu ya Petronas mwaka ule, naye alitoka chuoni humo. Kwa hiyo mzee alikuwa akipitwa na watu aliowafundisha mwenyewe kupita, na jioni ile waendeshaji wote walimzunguka, washindani wake na wanafunzi wake, wakimkumbatia. Mwaka uliofuata Bagnaia akawa bingwa wa dunia.

Hatusemi Rossi ni mtakatifu. Moyo wake anaujua Mungu, na bila shaka alikwenda timu ndogo akitumaini kushinda bado. Hata hivyo kilichotokea mbele ya macho yetu kilikuwa kimefanana mno na cha kwetu. Mmoja wetu akashindwa kuvumilia, akauliza, "Ba'mkubwa, kwa nini asingestaafu tu akiwa bingwa? Asingeaibika."

Ba'mkubwa alikaa kidogo. Kisha akasema, "Unaniuliza yeye au unaniuliza mimi?"

Tukanyamaza.

Akasema, "Nisiwadanganye. Niliumia. Wiki za kwanza nikipita pale kijiweni nilikuwa nashusha kioo cha helmeti nisiwaone. Niliomba Mungu awaaibishe. Niliomba kwa bidii, kuliko nilivyomwombea mke wangu alipougua. Halafu yule mama akaanguka. Nikaona Mungu kama amenijibu, na jibu lenyewe ni bega la mama wa watu. Usiku ule sikulala. Ndiyo maana nilileta zile fedha. Sikuwa mwema. Niliogopa."

Tungependa kuandika kwamba tulitubu kwa maneno mazuri. Haikuwa hivyo. Mmoja alianza kulia, mwingine akasema, "Tulisema umesusa, nasi tulijua hujasusa." Mwenyekiti kijana akapiga magoti hapo hapo kwenye banda, kati ya maganda ya karanga, na watu wa mpira wakageuka kututazama. Tukaomba msamaha, kwa kura ile ya siri kwanza, kisha kwa ule uvumi.

Ba'mkubwa akamwinua. Akasema, "Niliwasamehe tangu mwezi wa nane. Mmechelewa tu kuja kuchukua."

Tulimwomba arudi. Tulikuwa tumeshakubaliana kumrudishia uenyekiti. Akakataa. Akatuonyesha wale vijana watatu, waliokuwa wakibishana juu ya tairi. Alipofika kule, hakuna hata mmoja aliyekuwa na leseni. Sasa wawili wanazo. Wa tatu bado anakataa kusoma alama za barabarani, na Ba'mkubwa anamsomea kila asubuhi, huku akiwa wa mwisho kwenye zamu na muda wa kungoja anao. "Kule kwenu," akasema, "mnajua kazi. Huku nahitajika. Kwa nini mnirudishe mahali pa heshima mkaniondoe mahali pa kazi?"

Tangu siku ile neno "kususa" tumelipiga marufuku kijiweni, labda mtu asusie ugali kwake. Aliyesusa huondoka na kazi akaifungia moyoni, isimfae yeye wala mwingine. Aliyehama ameibeba kazi yake akaenda nayo. Kwa mbali wote wawili wanaonekana migongo, wanaondoka. Ndiyo maana ni rahisi kumzulia mtu, na ndiyo maana tunawaandikia ninyi wasomaji wa kitabu hiki, kwa kuwa jambo hili haliko kwa bodaboda peke yao. Liko kwenye kwaya, mwalimu mkongwe anapopewa kwaya ya watoto. Liko kwenye baraza la wazee. Liko mtaani ambako mwinjilisti aliyekaribia kustaafu anapangiwa kituo chenye waumini kumi na tano na paa linalovuja. Sisi tunaobaki huwa na haraka ya kusema amekwisha, au amekasirika. Tukumbuke kwamba mara nyingi sisi ndio tuliomsukuma.

Na kwako unayehamishwa leo, hatukuambii usiumie. Ba'mkubwa aliumia, akaomba vibaya, na Mungu alimvumilia. Tunakuambia tu tulichokiona: kwenye benchi la ubao, chini ya mti mmoja, kulikuwa na vijana watatu wanaomngoja mtu wa kuwafundisha, na mtu huyo asingefika kama sisi tusingemkosea. Hilo halituhesabii haki. Kura yetu ilibaki kuwa kosa. Ila Mungu hakuliacha kosa letu liwe neno la mwisho.

Yule mama wa bega alipona. Bado anapanda pikipiki zetu, na akipanda hutupiga kwa mwavuli mgongoni tukizidisha mwendo. Tunamwambia, "Ndaga fijo, mama," na tunapunguza.

Vijiwe vyetu viwili sasa vinasali pamoja kila Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya abiria. Ijumaa hii zamu ya kuongoza ni ya yule kijana asiyetaka kusoma alama za barabarani. Amesema Neno atalisoma mwenyewe. Ba'mkubwa amesema atakaa nyuma.